Nusu Kichwa Mikononi mwa Taarifa

Mtu aliyesukwa nusu kichwa hana pa kwenda. Upande mmoja umelala kwa mistari kama shamba lililolimwa vizuri, upande wa pili umesimama kama umeona jambo. Hawezi kwenda benki hivyo, wala ofisini, wala kunyanyuka na kuondoka akisikia asichokipenda. Anakaa, anasikiliza. Nimesukwa katika miji mingi, mingine bila kujua lugha ya mwenye vidole, na neno la kwanza ninalojifunza kila nifikapo si "habari" wala "asante". Ni "inauma". Kwa hiyo nilipokwama katika mji ule, nikingoja karatasi ya safari iliyokuwa ikihama meza moja hadi nyingine, nilimuuliza mpokezi wa nyumba ya wageni jambo moja tu: msusi asiyeumiza anakaa wapi?

"Nenda kwa Taarifa," akaniambia. "Lakini uulize kwanza kuna nini kwenye televisheni."

Nilidhani ananitania.

Taarifa alisukia katika chumba cha mbele cha nyumba ya wifi yake, kwenye mtaa wa mafundi wa magari. Mlangoni kulikuwa na pazia la kijani. Ndani mlikuwa na viti vya plastiki, kigoda cha mteja, kiti cha msusi chenye mto uliotoboka, na juu ya kabati televisheni kubwa iliyovishwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. Dirisha lilikuwa moja. Kwa nje kioo chake kilibandikwa picha ya mgombea, yule ambaye kila mtu alimwita Mheshimiwa, kubwa kuliko dirisha lenyewe, hata mwanga wote wa chumba ukawa unapitia kwenye paji la uso wake. Sisi wa ndani tulimwona kinyumenyume, na sote tulikuwa na rangi ya samawati kidogo, kama maiti wa sinema. Dirisha lilikuwa halifunguliwi tena. Kulifungua kungempasua Mheshimiwa usoni.

Taarifa mwenyewe alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye vidole visivyohitaji macho. Macho aliyapeleka kwenye televisheni, vidole akaviacha kichwani mwa mteja, na mdomo ulikuwa wa mama mkwe wake, bibi aliyekaa kwenye kochi la kona, ambaye kisukari kilimnyang'anya macho yote mawili. Kazi ya Taarifa ilikuwa kumwangalizia.

"Anaingia, Mama. Yule mke mdogo. Amevaa gauni jekundu, asubuhi yote hii."

"Anakwenda wapi?"

"Jikoni."

"Jikoni na gauni jekundu?"

"Na kope za bandia, Mama. Hawa watu wanalala nazo. Mimi nikiamka uso wangu una michoro ya mkeka. Sasa anacheka, na yale meno yake mabaya."

"Meno gani mabaya?" Aliyeruka alikuwa nesi wa hospitali ya jirani, mteja wa siku zote, ambaye kichwa chake ndicho kilichokuwa mikononi mwa Taarifa. "Yule dada ana meno kama lulu! Usimsingizie mtoto wa watu."

"Mama, nesi anasema meno ni mazuri. Nesi anavaa miwani."

"Mimi naamini macho yangu," akasema Mama, na kidole chake kikaelekea moja kwa moja mahali Taarifa alipoketi.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Taarifa hakumpenda mke mdogo wa tamthilia ile, na kwa hiyo, katika kichwa cha Mama, mke mdogo alikuwa na meno yaliyopandana. Mume wa tamthilia, ambaye wanawake wote wa mtaa walimwota, kwa Mama alikuwa na kitambi. Mpishi wa nyumba, ambaye hata mwongozaji wa picha hakumkumbuka sana, alikuwa mtu mzuri kuliko wote, kwa sababu Taarifa alimhurumia.

Nesi alipokwisha akabaki kupiga soga. Taarifa aliniweka kigodani, akanipasua nywele katikati kwa chanuo, akaanza. Alitaka kujua nimetembea wapi, ila hakutaka kujua sana.

"Wewe umefika huko wanakotengeneza hizi sinema za kupigana. Kweli wanaruka vile kutoka ghorofani?"

Nilimwambia sijaona hata mmoja akiruka. Niliowaona walikuwa wakisubiri lifti, tena wakilalamika.

"Unasikia, Mama? Wanasubiri lifti." Akacheka mpaka kigoda kikatikisika. "Na simu zao? Umewahi kuona mtu wa sinema simu imemwishia chaji? Anakimbizwa mji mzima, risasi huku na huku, simu inaita tu. Mimi nikienda dukani hapo kununua uzi, inazima."

Kwake kila kitu kilikuwa na hukumu yake. Watangazaji wa mpira wanapiga kelele kama nyumba inaungua. Waimbaji wa siku hizi wanalia mapenzi huku mguu wameuweka juu ya gari la kuazima. Waigizaji wakifa kwenye tamthilia hufumba macho polepole, wakati watu wa kweli huwa hawapati nafasi hiyo. Alisema bila kupumzika na bila hasira, na nywele zangu zilikwenda zikilala chini ya maneno yale, laini, hata nikasinzia.

Kisha ikaingia taarifa ya habari. Mheshimiwa alikuwa akifungua daraja. Lile daraja, nesi alinong'ona, lilishafunguliwa mwaka uliotangulia, na mkasi ulikuwa huohuo. Taarifa hakusema neno. Lakini vidole vilibadilika. Mstari uliokuwa unafika sikioni ulinikaza mpaka jicho langu la kulia likapanda.

"Inauma," nikasema. Neno langu la kwanza la kila mji.

"Samahani, dada mgeni. Ni habari hiyo."

Nesi akaanza kucheka. "Hukuambiwa? Huyu anasuka kwa moyo. Gusa kichwa chako. Penye tamthilia ni laini, penye nyimbo za zamani ni laini zaidi, ukifika penye siasa utaona nyota. Mimi huja saa za muziki. Mwaka wa uchaguzi tunatembea wote kama tumeshtuka."

Niligusa. Ilikuwa kweli. Ungeweza kumsoma kichwani mtu aliyetoka kwa Taarifa na kumwambia alikaa pale saa ngapi hadi saa ngapi. Nilipouliza kwa nini, msusi mwenyewe alijibu kana kwamba anazungumzia mvua: "Mdomo nimeufundisha. Mikono haikwenda shule."

Karatasi yangu haikutoka wiki ile, wala iliyofuata. Nikawa naenda kwa Taarifa hata bila nywele za kusuka, nakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na Mama, napewa chai. Ndipo nilipomjua Taarifa.

Alifunzwa kusuka na shangazi yake, akiwa mdogo hata akalazimika kupanda juu ya ndoo. Aliolewa katika nyumba ile na mtoto wa kiume wa Mama, fundi wa injini, ambaye alikwenda kufanya kazi ng'ambo. Mwanzoni alipiga simu kila Jumapili, baadaye sikukuu kwa sikukuu, baadaye akabadilisha namba.

"Hajafa, hajarudi," Taarifa aliniambia. "Sijui mimi ni mke au ni mlinzi wa kabati lake."

Rafiki yake wa utotoni alikuwa na saluni katika mji mwingine na alishamwekea kiti, karibu na dirisha linalofunguka. Alilisema hilo la dirisha mara nyingi kuliko la kiti.

"Kwa nini huendi?" nikamuuliza. Watu kama mimi huuliza swali hilo kirahisi. Sisi tumefunga begi maisha yetu yote.

Akamtazama Mama, aliyekuwa amelala kwenye kochi mdomo wazi. "Na huyu nimkunje nimtie kwenye mkoba?"

Nyumba ilikuwa ya wifi yake, dada wa yule fundi, mwenyekiti wa akina mama wa chama katika mtaa. Hata nyumbani walimwita Mwenyekiti. Alikuwa na sauti iliyozoea kipaza sauti. Akiomba chumvi ungedhani anafungua mkutano. Hakuwa mtu mbaya. Dawa za Mama alinunua yeye, televisheni alileta yeye. Ila rimoti ilikaa kwenye mkoba wake. Asubuhi alipotoka aliacha stesheni aliyoitaka yeye, na hiyo ndiyo ikawa dunia yetu hadi jioni: tamthilia, nyimbo, taarifa ya habari, na katikati ya vyote wimbo wa kampeni. Wimbo ule aliuimba mwimbaji mmoja wa mapenzi. Alichukua wimbo wake wa kuachwa, akaacha muziki vilevile, akabadilisha maneno tu. Palipokuwa na "umeniacha" akatia "umetujengea barabara".

"Kila nikisikia hiyo barabara," Taarifa alisema, "namkumbuka mume wangu."

Siku moja Mwenyekiti alirudi mapema, fulana ya chama mwilini, nyingine mkononi. Akasimama mbele ya televisheni, akapunguza sauti.

"Wifi," akasema, "wewe umekalia hazina na hujui."

"Nimekalia mto uliotoboka," Taarifa akajibu, vidole vikiendelea kwenye kichwa cha mwanafunzi mmoja wa ualimu.

"Nisikilize. Mimi nikiitisha mkutano, watu wanakuja kuchukua fulana. Wakishaipata, wanaondoka. Redio, mtu anazima. Lakini mtu akishakuwa nusu kichwa hapa kwako, anakwenda wapi?" Akatuangalia sote kama aliyegundua dhahabu chini ya sinki. "Na unajua kuongea. Wanakuja kwa ajili ya mdomo huo. Sasa ongea kidogo kuhusu Mheshimiwa. Barabara. Maji. Zahanati."

"Zahanati ipi, mwanangu?" Mama akauliza kutoka kochini.

"Inajengwa, Mama."

"Ilikuwa inajengwa tangu nina macho."

Mwanafunzi alicheka, akaona hakuna mwingine aliyecheka, akanyamaza.

"Siasa siiwezi, wifi," Taarifa akasema. "Mimi nasengenya watu ambao hawapo. Mke mdogo hawezi kuja hapa kunishtaki."

"Sijakwambia umsengenye mtu. Nimekwambia umsifu."

"Hilo ndilo gumu zaidi."

Mwenyekiti akashusha sauti, jambo nililoliona mara ile tu. "Wifi. Nyumba hii ina paa moja. Watu wa chini ya paa moja huimba wimbo mmoja. Kaka yangu hayupo, na mimi sijawahi kukuuliza unakaa hapa kama nani. Nisifike huko."

Akaongeza sauti ya televisheni, akatoka. Taarifa alichukua chanuo, akanyoosha mpasuo wa mwanafunzi.

"Mkono usioweza kuukata, ubusu," akasema, akaendelea kusuka.

Na kweli alijaribu. Nilikuwepo, nilisikia. Ilikuwa kama kumsikiliza mtu anayeimba na vidole vya mwingine vimo mdomoni mwake. Katikati ya tamthilia, kwa sauti isiyo yake: "Anatoka nje, Mama, amepanda gari, anapita kwenye barabara, yaani barabara nzuri kama hii aliyotujengea Mheshimiwa..."

"Nani kaingia?" Mama akashtuka. "Mheshimiwa naye yumo kwenye tamthilia?"

"Hapana, Mama. Nimesema tu."

"Basi niambie ni nani anayeendesha gari. Leo sioni vizuri."

Vidole navyo vilifanya vyao. Nesi aliyesukwa siku hiyo aliinuka akiwa na uso wa mtu aliyefunuliwa siri. "Taarifa, hivi unanisuka au unafunga mzigo kwenye baiskeli?" Kesho yake alirudi akiwa amefumua mstari wa mbele mwenyewe. "Wagonjwa wananiuliza nimeona nini. Mgonjwa wa moyo amekataa nimshike mkono, anasema mimi ndiye namtisha."

Taarifa aliomba radhi, akampaka mafuta, akajaribu tena kesho yake kwa mwingine, polepole, akisema maneno yale kwa upole kana kwamba anambembeleza mtoto. Haikusaidia. Neno lilitoka laini, mstari ukatoka mgumu kama waya. Wateja wakaanza kuchungulia pazia kabla ya kuingia: "Leo kuna siasa?" Wengine hawakuuliza, walipita tu upande wa pili wa barabara wakiwa na vitambaa kichwani. Mama naye akawa mkimya. Picha zilipita kwenye televisheni na hakuuliza nani kavaa nini. Taarifa alipoanza kusimulia, Mama aligeuza uso kwenye ukuta, kama mtu aliyezimiwa taa.

Siku ambayo nilikwenda nisukwe upya ilikuwa siku ya mkutano mkubwa wa Mheshimiwa. Nilifika asubuhi kusudi, nimalize kabla ya wimbo wa kampeni. Upande wangu wa kulia ulikuwa umekwisha, na mke mdogo wa tamthilia alikuwa amejificha nyuma ya pazia akisikiliza ya watu, pale Mwenyekiti alipoingia akiwa na gauni jipya kwenye mfuko wa plastiki.

"Nitasimama jukwaani," akasema. "Mimi ndiye nitakayemkaribisha Mheshimiwa. Televisheni itaonyesha. Wifi, nisuke."

"Nina mtu hapa."

"Dada mgeni atasubiri. Si hana safari?"

Ilikuwa kweli, sikuwa nayo. Nikahamia kiti cha plastiki na nusu kichwa changu, upande umelala, upande umesimama, nikakaa kando ya Mama.

Mwenyekiti akajiweka kigodani kwa uzito wa mtu anayekalia kiti cha mbele. Taarifa alipasua nywele katikati, akaanza upande wa kulia. Alisuka kimya. Kwenye televisheni tamthilia ilikuwa imekatizwa kwa ajili ya mkutano, na mafundi wa jukwaa walikuwa wakijaribu vipaza sauti: moja, mbili, moja, mbili. Upande wa kulia ulikwenda vizuri. Mistari ilikuwa myembamba, imepinda nyuma ya sikio kama maji yanayozunguka jiwe. Mimi nimezoea vichwa vya dunia nzima, na nikaona huyu anamsuka wifi yake kwa heshima.

"Wateja unawaambia?" Mwenyekiti akauliza.

"Nawaambia."

"Hebu sema nisikie. Kama unavyowaambia."

"Tumalize kwanza, wifi."

"Sema. Hapa hapa. Huenda hata nikapata maneno ya kusema jukwaani."

Taarifa akavuta pumzi. "Mheshimiwa ni mtu wa watu," akaanza. "Ametuletea maji..."

"Aa! Wifi! Unaning'oa!"

"Samahani."

"Legeza. Endelea."

"Ametuletea maji, na zahanati karibu inakwisha..."

"Legeza nimesema!"

"Siwezi."

Televisheni ilisema moja, mbili. Taarifa alikuwa ameacha mkono mmoja juu ya bega la wifi yake, na mwingine umeshika ule mstari wa kwanza wa kushoto, uliokaza hata ngozi ikawa inang'aa.

"Siwezi, wifi. Si jeuri. Nimejaribu kwa wateja na wewe mwenyewe umeona wanavyopungua. Nikisema hayo, mkono unakaza wenyewe. Sasa nusu imekwisha, nusu imebaki, na wewe unakwenda kusimama mbele ya watu wote. Nikisema maneno yako, utapanda jukwaani macho yamefika hapa," akamgusa juu ya nyusi, "na watu watauliza Mheshimiwa amemtisha nini Mwenyekiti. Nikinyamaza, utapendeza. Chagua wewe. Ila ukichagua kupendeza leo, uniache na mdomo wangu hata kesho."

"Unanitisha?"

"Nakusuka."

Mwenyekiti akageuka kunitazama, kana kwamba mimi ndiye niliyeyaleta hayo na begi langu. Nilikuwa nusu kichwa kama yeye, nikainamisha ule upande wangu uliosimama. Akatazama mlango, kisha kioo, kisha saa ya ukutani.

"Naweza kufunga kilemba nikaondoka zangu."

"Unaweza," Mama akasema. Alikuwa hajasema neno tangu asubuhi. "Na upepo wa jukwaani haujui cheo cha mtu."

"Mama, wewe kaa pembeni na haya."

"Nimekaa pembeni siku nyingi, mwanangu. Televisheni umeileta wewe, Mungu akubariki, lakini mimi siioni televisheni. Mimi namwona huyu. Siku hizi umemtia maneno yako mdomoni, na mimi nimebaki gizani mara ya pili. Mara ya kwanza ilikuwa kisukari. Hii ya pili ni wewe."

Nje fundi mmoja alikuwa akipiga chuma kwa nyundo, akaacha, akaanza tena. Mwenyekiti alikaa kigodani mikono imebana ule mfuko wa gauni, nusu kichwa chake kikiwa kizuri mno, na niliona kwa mara ya kwanza jinsi alivyokuwa mtu aliyechoka, mwenye mtu mwingine juu yake anayemhesabia vichwa.

"Suka," akasema.

"Nisuke vipi?"

"Suka tu, wifi. Kimya."

Taarifa akafumua ule mstari uliokaza, akausuka upya. Alimaliza kichwa chote bila neno. Mwenyekiti alipojitazama kwenye kioo, hakuweza kujizuia. Aligeuza shingo huku, akageuza huku. Kisha akavaa gauni, akachukua mkoba wenye rimoti, akatoka bila kumuaga yeyote ila Mama.

Taarifa akaniita kigodani kwa kichwa, lakini hakuanza. Sote watatu tulikuwa tukingoja televisheni. Jukwaa lilijaa fulana. Wimbo ulipigwa, ule wa kuachwa. Halafu akatokea yeye, wifi mtu, mdogo kwenye kona ya kioo, kisha mkubwa, akielekea kwenye kipaza sauti.

Hapo ndipo pazia lilipofunguka wakaingia vijana wawili wa chama. Walikuwa na adabu. Walivua viatu.

"Shikamoo, bibi. Mwenyekiti amesema televisheni inahitajika ofisini."

"Sasa hivi?" Taarifa akauliza.

"Amesema sasa hivi."

Mmoja alikunja kile kitambaa cha kufuma akakiweka vizuri mapajani mwa Mama. Mwingine akachomoa waya ukutani wakati Mwenyekiti akifungua mdomo. Wakatoka na televisheni kama wanaobeba mgonjwa, wakigombana kwa sauti ndogo nani atangulie mlangoni. Juu ya kabati likabaki umbo lake, mahali pasipo na vumbi. Mheshimiwa aliendelea kututazama kinyumenyume kutoka dirishani. Yeye hakuna aliyekuja kumchukua.

"Kumetokea nini?" Mama akauliza, akipapasa kile kitambaa.

"Wamechukua televisheni, Mama."

"Yote?"

"Yote."

"Na sisi?"

"Sisi hawajasema." Taarifa akajaribu kucheka. "Labda kesho."

Mama alifikiri. Vidole vyake vilikuwa vikihesabu matundu ya kitambaa. "Binti yangu amependeza?"

"Amependeza sana, Mama. Nywele zimelala zote. Na lile gauni limemkaa."

"Alikuwa anasema nini?"

Nilikuwa nimeketi mbele ya Taarifa, kichwa changu kati ya magoti yake, upande wa kushoto ukiwa bado umesimama. Vidole vilikuwa vimeshika nywele zangu juu ya sikio. Nilingoja vikaze. Ilikuwa rahisi kumpa bibi kipofu maneno mazuri ya binti yake; mwanamke aliyeweza kumpandishia mtu meno na kumtia mwingine kitambi angeshindwa na hotuba moja?

"Sijui, Mama," Taarifa akasema. "Picha ilikatika kabla hajasema kitu."

Mama akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyelipwa sawasawa. Akaegemea kochi, akageuza uso kutoka ukutani.

"Basi turudi kwa yule wa meno. Tulimwacha nyuma ya pazia."

Taarifa akatazama juu ya kabati, pale pasipo na vumbi, akapatazama kwa makini kama mtu anayesubiri taa iwake. Akaanza mstari.

"Bado yupo nyuma ya pazia, Mama. Anasikiliza. Anataka kutoka, lakini mlango uko upande wa pili, na mpishi amesimama hapo na sahani."

"Mpishi amevaa nini?"

"Shati jeupe. Limepigwa pasi."

"Nilijua," akasema Mama.

Mstari ulifika nyuma ya sikio langu, ukageuka, ukashuka kisogoni. Haukuuma.